Mbuzi Bado Yuko Mzima

Butembo, 8 Septemba 2002

Baba Abdias,

Nakusalimu wewe na binti yako Katungu. Mimi ni mzima. Nzanzu, yule dereva anayebeba maharage, ameniambia kwamba macho yako yamechoka na kwamba siku hizi barua unasomewa. Basi Katungu, soma polepole, na pale nitakapomtania baba yako usiruke.

Baba, unajua ninaandika kwa nini. Tarehe 31 Desemba miaka kumi na miwili inakwisha. Mkataba ninao hapa mbele yangu, ule mliotia sahihi wewe na mume wangu Siméon mwanzoni mwa 1991: kwamba Siméon atajenga ghorofa juu ya duka lako kwa matofali yake na mikono yake, kwamba tutakaa katika vyumba vile viwili miaka kumi na miwili bila kodi, na kwamba baada ya hapo kila kitu ni chako. Chini kabisa uliongeza kwa kalamu nyingine kwamba tukitaka kuendelea, tutaendelea kwa desturi ya kwenu Kipese. Siméon alinieleza kuwa desturi yenyewe ni mbuzi wa muhako. Mimi nimelelewa misheni, tulifundishwa Zaburi na kushona, muhako hatukufundishwa. Nieleze, nami nitafanya.

Nataka kubaki, na sababu hukuanza kuijua leo. Siméon aliondoka Julai 1998 kwenda kujenga Kisangani, vita vikaanza mwezi uliofuata, na tangu hapo sijapata hata mstari mmoja. Hana njia nyingine ya kunipata isipokuwa ngazi ile ya nje aliyoijenga mwenyewe. Unakumbuka kipandio cha saba, kile alichokosea kikazidi wenzake kwa vidole viwili? Kila mgeni hujikwaa pale. Nikiwa ndani najua mgeni amefika kwa namna anavyolaani. Siméon peke yake hajikwai. Siku nikisikia mtu anapanda mpaka juu bila kusita, nitajua ni yeye, na nataka niwepo nisikie.

Nyumba yako ni salama. Duka la chini limefungwa kama ulivyoliacha ulipohamia huko.

Mwanao,
Hulda Kavuo


Beni, komini ya Ruwenzori, 29 Septemba 2002

Mwanangu Hulda,

Anayesema ni mimi, anayeandika ni Katungu. Makosa ya kalamu mdai yeye, ndiye mwalimu.

Misheni waliwafundisha mambo mengi lakini waliwaacha bila adabu ya udongo. Nisikilize. Kwetu Kipese, mtu anayekaa kwenye udongo wa mwenzake humpelekea mbuzi kila mwaka. Muhako hauandikwi, unaliwa. Mwenye udongo akichinja, akala yeye na nyumba yake, umepata mwaka mzima, na hakuna wa kukutoa, hata mtoto wake hawezi. Asipotaka, anakurudishia mbuzi akiwa hai, na wewe unafunga mizigo bila kugombana. Hakuna bureau, hakuna mhuri. Babu zetu waliishi hivyo na hawakupigana mahakamani.

Basi leta mbuzi, tutaona.

Sasa na mimi nikuulize. Manjanja, yale mabati ya paa, yapo yote? Milango ya duka je? Washa moto kila siku, hata kama unachemsha maji matupu. Maaskari wakiona moshi wanajua nyumba ina mtu, wanakwenda kuvunja kwingine. Usiiache nyumba hata siku moja. Hilo nakuomba kama baba.

Macho yangu ni mabovu lakini meno bado yapo. Wasingya, asante.

Abdias


Butembo, 3 Novemba 2002

Baba Abdias,

Mbuzi anakuja na Nzanzu, juu ya magunia. Ni jike, mweusi, sikio moja jeupe. Nzanzu aliapa mbele ya watu: "Mama, hii mbuzi itafika. Kama maaskari ya bariere banaomba kitu, nitabapa maharage, mbuzi hapana."

Nilimpata kwa mtu wa Kirumba aliyeleta mbuzi sokoni. Sikuwa na kitu kingine cha kumpa, nikampa koti la Siméon, lile la Noeli, la vifungo vinne. Alilivaa palepale. Akaondoka akipita katikati ya watu, na mimi nikaufuata kwa macho mgongo wa mume wangu mpaka ulipopinda kwenye kona ya wauza makaa. Nililia, Baba. Baadaye nikajiambia kwamba koti bila nyumba ningelitundika wapi.

Unauliza moshi. Moshi upo, mwingi kuliko unavyofikiri. Na ngazi haikauki watu, kipandio cha saba hakipati kupumzika. Usiwe na wasiwasi.

Mkishakula, nitumie neno. Nina siku chache zimebaki.

Hulda


Beni, 24 Novemba 2002

Hulda,

Mbuzi amefika, ni mzima. Amefungwa nyuma ya jikoni. Amekula daftari mbili za wanafunzi wa Katungu, za hesabu, na hakuumwa.

Huku watu wa barabara ya Mambasa wanakimbia vita, wanaingia kila siku kwa miguu, na magodoro kichwani. Uani kwetu wamelala kumi na tisa. Mengine tutayaona baada ya Noeli.

Endelea kuwasha moto.

Abdias


Butembo, 15 Desemba 2002

Baba,

Nimeisoma barua yako mara tatu na nimefurahi kila mara. Umemweka mbuzi kwa ajili ya Noeli! Mimi nilikuwa nimeanza kuogopa, nikisema mbona hawali. Kumbe mnamnenepesha. Basi mpeni maganda ya ndizi, na madaftari ya hesabu msimnyime.

Kuna jambo moja la kuchekesha. Juzi alikuja mtu mnene mwenye kofia, anaitwa Vagheni, mfanyabiashara wa vitenge. Alipanda, akajikwaa, akalaani, kisha akatoa kamba ya kupimia na kuanza kupima ngazi. Nikamwuliza, "Baba, unatafuta nani?" Akasema: "Mama, hii escalier tutaitosha, tutaivunja yote. Duka inaomba mulango mukubwa." Nikamwambia amekosea nyumba. Akanitazama kama mtu anayemhurumia mgonjwa, akashuka. Alijikwaa tena wakati wa kushuka.

Unamjua? Ukimjua, mwambie parcelle yake, kiwanja chake, iko kwingine.

Hulda


Butembo, 31 Desemba 2002

Baba, leo ndiyo siku. Mmekula?

Hulda


Beni, 5 Januari 2003

Mama Hulda,

Leo naandika mimi mwenyewe, Katungu. Baba amelala na hajui.

Hatukula. Mbuzi bado yuko mzima, na nimeshindwa kuendelea kukuandikia sentensi hiyo kama vile ni habari njema.

Nyumba ya Butembo si yetu tena. Baba alimpa Vagheni mwezi wa nane, kabla ya barua yako ya kwanza. Walibadilishana: Vagheni alichukua nyumba, sisi tukapata hii parcelle ya Ruwenzori tunayokaa. Tulikuwa tumepanga kwa mtu, naye alitaka kututoa tuwapishe ndugu zake waliokimbia. Baba ni mzee, na mimi mshahara wa ualimu niliuona mara ya mwisho nikiwa na umri wa kuolewa. Sisemi hivi ili utusamehe.

Vagheni aliweka sharti, kwamba ataipokea nyumba baada ya miaka ya Siméon kuisha, na aipokee ikiwa na paa na milango. Ndiyo sababu ya moshi. Baba alitaka uilinde bila kujua unamlindia nani.

Lakini kumla mbuzi wako alishindwa. Nilimwambia, "Baba, rudisha basi, ajue." Akasema: "Nikirudisha atatoka leo, maaskari wataingia kesho." Nikasema, "Basi tule." Akasema: "Nikule muhako ya nyumba nilishapana kwa mutu? Hapana." Kwa hiyo mbuzi amekaa. Akilia, baba anatoka chumbani kwenda kukaa upande wa barabara, asimsikie. Ni mtu aliyezoea kujisifu kwamba hajawahi kudanganya mteja. Sasa hasemi tena.

Naona aibu hata kuandika jina langu.

Katungu


Butembo, 19 Januari 2003

Katungu,

Nimekasirika, na ningependa nikae hivyo kwa muda, maana hasira inanipa joto. Lakini siwezi kukasirika kwa haki, kwa sababu na mimi nimewadanganya.

Duka la baba yako halijafungwa. Maaskari wako chini tangu Aprili ya mwaka jana, ni tisa. Walivunja mlango wa nyuma nikiwa kanisani. Rafu za duka wamezichoma, kaunta wameichoma, milango yote miwili wameichoma, na mwezi wa kumi walianza kung'oa manjanja ya stoo. Kila asubuhi mmoja wao anapanda, anajikwaa, anasema kwa Kilingala chao: "Mama, pesa biso moto," yaani tupe moto, nami nampa kaa la moto akawashie mbao za baba yako. Huo ndio moshi niliokuwa nawasifia.

Nilificha kwa sababu niliogopa Baba Abdias akijua nyumba yake imekuwa kambi ataitupa kwa yeyote. Nilitaka aione bado ni nyumba ya kupangisha mtu. Kumbe alikuwa ameshaitoa, na aliyepewa hajaona ndani. Vagheni alipima ngazi tu. Chini waliokuwa na bunduki walimwambia arudi siku nyingine, naye alikubali haraka.

Alirudi wiki iliyopita. Anasema anafahamiana na komanda wao, atawaondoa. Mimi amenipa mpaka Pasaka.

Mwambie baba yako jambo moja tu. Anirudishie mbuzi, hai, kwa gari la Nzanzu. Nimechoka kuambiwa tutaona. Nataka jibu lenye miguu minne, nilishike kamba, nijue nimekataliwa kama watu wa Kipese wanavyokataliwa. Baada ya hapo nitajua la kufanya na mizigo yangu.

Hulda


Beni, 2 Machi 2003

Mama Hulda,

Baba alifariki tarehe 11 Februari, asubuhi, kifua. Tulimzika tarehe 13.

Nilimsomea barua yako yote, pamoja na rafu na kaunta. Kisha akasema, "Huyu mutoto alinishinda kuficha." Nadhani alicheka kidogo. Akaniambia: "Mbuzi irudi." Nilimpelekea Nzanzu mbuzi kesho yake, kwa kamba, mimi mwenyewe. Lakini barabara ilikuwa imefungwa, magari yote yamezuiwa kwenye bariere ya kutokea mjini, na Nzanzu alikaa hapo wiki tatu akila maharage aliyokuja kuuza. Nikarudi na mbuzi nyumbani. Kila siku tatu nilikwenda kuuliza. Baba naye aliuliza kila jioni, "Alienda?" na mimi nilijibu bado.

Siku ya msiba walikuja watu wengi kuliko tulivyofikiri, na uani wapo wale wa Mambasa, sasa thelathini na wawili. Hakukuwa na chakula. Baba mdogo alifungua kamba. Nilimshika mkono, nikasema, "Hapana, hii ni muhako ya mutu." Akaniuliza: "Muhako ilikuwa ya nani? Ya marehemu. Basi marehemu alishe batu yake." Hakuna aliyenisikia tena.

Waligawa vipande vidogo sana. Walinipa cha kwangu kwenye jani, na mimi nikala, Mama Hulda. Nilikuwa na njaa ya siku mbili. Wakati natafuna nilikumbuka koti la vifungo vinne, na sikutema.

Sikio jeupe walimpa mtoto achezee.

Katungu


Butembo, 27 Aprili 2003

Kwako Katungu uliyekula,

Pole kwa baba. Nilimpenda, mzee yule mwongo, na nimemlilia zaidi ya alivyostahili.

Nilipopata barua yako nilifanya jambo ambalo utalicheka. Nilichukua barua ya baba yako ya Septemba, ile ya adabu ya udongo, nikaipeleka dukani kwa Vagheni pamoja na ya kwako. Nikamsomea: mwenye udongo akala yeye na nyumba yake, umepata mwaka mzima. Nikasema, wamekula, soma mwenyewe. Vagheni si mtu mbaya. Alivua kofia. Wazazi wake ni wa Lubero, wenye desturi hiyohiyo, hakuhitaji kufafanuliwa. Akasema: "Mama, ni kweli, balikula. Lakini bale balikula habana tena na nyumba. Mwaka yako iko kwao, kwangu haiko."

Maaskari walihama mwezi wa tatu. Aliingia chini akaona alichopewa, akatoka. Jumatatu ya Pasaka mafundi wake walianza ngazi. Waliibomoa kutoka juu. Nilikaa upande wa pili wa barabara juu ya mashine yangu ya kushonea, nikahesabu. Walipofika cha saba, fundi mmoja alikipima kwa kiganja akawaonyesha wenzake, wakacheka, wakasema aliyejenga alikuwa amelewa. Siméon hanywi. Siku ile alikuwa na furaha tu, ndiyo maana alikosea, tulikuwa tumeoana miezi miwili. Nilitaka kuwaambia, nikaona haiwasaidii.

Sasa nakaa kwenye shule ya kanisa, darasa la pili, mpaka likizo iishe. Baadaye sijui. Nitakuandikia nikipata mahali.

Nyumba siidai kwako, huna. Lakini ulikula muhako wangu, na mwaka wangu uko kwako, hata Vagheni anakiri. Basi nakuomba unilipe kwa njia hii. Mtu akitoka Kisangani kwa miguu, atapita Mambasa, na ataingia Beni kabla ya kufika kwetu. Simama pale wanapoingilia. Waulize. Ni mrefu, fundi wa matofali, kidole gumba cha kushoto hakina ukucha. Ukitaka kuhakikisha, mwulize ni kipandio kipi kilichozidi. Mwambie ngazi haipo tena, asije akafika pale akadhani nimekufa au nimeolewa.

Mwaka mmoja tu, kama desturi. Ukiisha, hunidai wala sikudai.

Hulda


Beni, 15 Juni 2003

Mama Hulda,

Barua niliyokuandikia mwezi wa tano Nzanzu amenirudishia. Anasema alikwenda shule ya kanisa, wanafunzi wamerudi, darasa la pili limejaa, na mwalimu mkuu hajui ulikokwenda. Mtu mmoja alimwambia ulielekea upande wa Kirumba, mwingine alisema hapana, ulikuwa na homa. Naandika tena kwa sababu sijui kitu kingine cha kufanya. Nzanzu atabeba barua zote mbili na kuuliza kwenye masoko.

Na sisi tunatoka. Vagheni amedai parcelle yake, anasema baba alimpa nyumba isiyo na milango wala rafu wala stoo, na mapatano yale hayakuwa mapatano; nyumba nayo haitoi mpaka tumlipe gharama za mafundi wake. Wazee wa mtaa wamempa haki. Sikuwaambia ulichoficha wewe, wala tulichoficha sisi. Tuna mpaka mwisho wa mwezi. Wale wa uani wameshaanza kukunja magodoro, wamezoea kuliko mimi.

Lakini kila Jumamosi nasimama, tangu nilipopata barua yako, hata mvua ikinyesha. Wanaingia wakiwa wamechoka, na mimi nawauliza, "Wewe ni fundi wa matofali? Wewe ni Siméon?" Wengine wanadhani mimi ni wa serikali, wananikimbia. Mmoja alikubali. Alisema ndiyo, mimi ni Siméon, na macho yake yalikuwa kwenye kikapu changu. Nikamwuliza ni kipandio kipi kilichozidi. Akafikiri, akasema cha kwanza. Nikampa ndizi mbili.

Mwaka wako unaisha Februari ijayo, nami nitasimama wote, popote nitakapokuwa nalala. Hilo nimelikubali tangu siku niliyotafuna.

Lakini juzi nikiwa pale nilifikiri: leo akija kweli, mrefu, bila ukucha, akaniambia cha saba, mimi nitamwambia nini? Nitamwambia ngazi imebomolewa, usiende kule. Naye ataniuliza, basi niende wapi?

Niambie, Mama Hulda. Nimwelekeze wapi?

Katungu